Askari mmoja kwa wafungwa 1,027

"Mdogo wangu ni askari, aliwahi kwenda Kongo na kikosi cha kulinda amani. Oktoba 2025, mateka wa mwisho waliokuwa hai walipotoka Gaza na wafungwa karibu elfu mbili wakaachiwa, tulibishana sana sebuleni. Baba alisema Israel ilijitakia shambulio la 2023, kwa sababu mwaka 2011 iliwaachia watu zaidi ya elfu moja kwa ajili ya askari mmoja, na Sinwar, aliyekuja kuongoza Hamas huko Gaza, alikuwemo. Mdogo wangu akasema, 'Mimi nikitekwa, niacheni.' Mama akainuka, akatoka nje. Je, ni haki kuwaachia watu walioua ili kumrudisha askari mmoja? Na kama si haki, mbona nikimfikiria mdogo wangu naona ni haki tupu?" (Msomaji, Tanga)

Dada yangu, mama alipotoka nje alikuwa ameshajibu nusu ya swali lako. Hiyo nusu nyingine ndiyo ngumu. Nitaijibu kwa kukaa na kisa hichohicho alichokitaja baba, maana kila mtu anakitaja kwa namba moja tu, na namba yenyewe inapotosha.

Alfajiri ya tarehe 25 Juni 2006, wapiganaji wa Kipalestina waliibuka kutoka kwenye handaki walilochimba chini ya mpaka wa Gaza, karibu na Kerem Shalom, wakakishambulia kifaru cha Israel. Wanajeshi wawili wa kifaru hicho waliuawa. Mwenzao, koplo wa miaka 19 aitwaye Gilad Shalit, alichukuliwa akiwa amejeruhiwa, akaingizwa Gaza. Alikaa huko miaka 5 na miezi karibu 4. Msalaba Mwekundu hawakuruhusiwa kumwona hata siku moja.

Oktoba 2009 Israel iliwaachia wafungwa wanawake 20, na ilichopata ni video isiyofika dakika tatu. Humo anaonekana kijana mwembamba ndani ya sare, ameshika gazeti la tarehe 14 Septemba ili ijulikane kwamba siku hiyo alikuwa hai. Anasoma maneno aliyoandikiwa. Kisha anainuka na kupiga hatua chache kuelekea kwenye kamera, waone kwamba anatembea. Wafungwa ishirini kwa uthibitisho tu kwamba mtu anapumua. Ukiielewa bei hiyo, utaelewa mengine yote yalifikaje yalikofika.

Makubaliano yalitangazwa tarehe 11 Oktoba 2011, kwa upatanishi wa Misri na mkono wa Ujerumani. Baraza la mawaziri lilipiga kura: 26 wakakubali, 3 wakakataa. Wakuu wa jeshi na idara za usalama waliunga mkono. Familia za watu waliouawa zilikimbilia Mahakama Kuu, nayo ikakataa kuingilia. Tarehe 18 Oktoba Shalit akavushwa kwenda Misri na kutoka hapo akafika kwao, amekonda, rangi imempotea kama mtu aliyesahau jua.

Sasa ile 1,027. Watu wanaitaja kana kwamba ni mzani: huku mmoja, kule elfu. Kuupima mkataba huu kwa idadi ni sawa na kuuliza bei ya jahazi kwa kuhesabu misumari. Waliotoka siku ya kwanza walikuwa 477, wakiwemo wanawake 27, na majina yao ndiyo yaliyovutaniwa miaka yote ile. Waliobaki, 550, walichaguliwa na Israel yenyewe na wakaachiwa Desemba, wengi wao wakiwa na makosa mepesi. Zaidi ya nusu ya ile namba kubwa, basi, ilikuwa ya kupendezesha ushindi. Uzito ulikuwa kwenye lile kundi la kwanza, ambamo karibu 280 walikuwa na vifungo vya maisha.

Mmoja wao alikuwa mwanamke aliyehukumiwa vifungo 16 vya maisha kwa kusaidia kupanga mlipuko wa mgahawa wa Sbarro, Jerusalem, Agosti 2001. Watu 15 walikufa mle, karibu nusu yao watoto. Kijana mmoja alipoteza humo wazazi wake wawili na ndugu zake watatu kwa mchana mmoja. Siku zilezile za Oktoba 2011, Israel nzima ikishangilia kurudi kwa Shalit, kijana huyo alikwenda Tel Aviv akamwaga rangi, kwa hasira ya mkataba, kwenye mnara wa kumbukumbu ya hayati Waziri Mkuu Rabin. Sitamtetea kwa rangi ile. Lakini ukiniambia mkataba ulikuwa haki, inabidi uniambie huku ukimtazama yeye, si ukitazama picha ya baba yake Shalit akimkumbatia mwanawe.

Hapo ndipo penye fundo. Anayerudishwa ana jina, ana sura, ana baba aliyepiga hema nje ya nyumba ya waziri mkuu na kulala humo zaidi ya mwaka. Watakaolipa hawana jina wala sura, kwa sababu siku ya kutia saini nao wenyewe hawajijui. Aprili 2014, jioni ya kuamkia Pasaka ya Kiyahudi, afisa mmoja wa polisi alipigwa risasi karibu na Hebron akiwa garini na familia yake, akafa. Aliyehukumiwa kwa mauaji hayo alikuwa ametoka jela kwenye orodha ya 2011. Yule afisa angejua mwaka 2011 kwamba jina lake ndilo litakalolipia, angeweza naye kupiga hema. Hakujua. Serikali inapofanya biashara ya namna hii inakopa kwa mtu ambaye hajaulizwa.

Baba yako atasema: umeona sasa. Ngoja kwanza.

Kabla ya kuhesabu gharama lazima tuulize deni lilitoka wapi. Shalit hakujipeleka Kerem Shalom. Israel ni nchi ya jeshi la lazima. Ukitimiza miaka 18 unaitwa, unavishwa sare, unaambiwa kaa kwenye kifaru hiki. Kwetu kujiunga ni hiari, lakini hata mdogo wako hakuichagua Kongo kama mtu anavyochagua safari ya kwenda kuzuru ndugu. Alitumwa. Aliyemtuma alimwambia, bila hata kutamka: ukipatwa na jambo, nitakuja. Ahadi hiyo haiwezi kulinganishwa na huruma ya jumla tuliyonayo kwa kila binadamu. Ni deni la aliyetuma kwa aliyetumwa, na deni halifutwi kwa kuwa mdai ni mmoja na wanaoogopa ni wengi.

Dini zetu zilikutana na jambo hili zamani. Ukifungua Sura Muhammad, aya ya 4, utakuta mateka wa vita ama waachiwe kwa hisani ama kwa fidia; neno letu "fidia" limetoka palepale. Baada ya vita vya Badr waliletwa Madina mateka wapatao 70, akiwemo Abbas, ami yake Mtume, na wale waliojua kusoma na kuandika lakini hawakuwa na mali walijikomboa kwa kuwafundisha watoto kumi kumi. Napenda sana fidia ile: iliacha Madina na wasomaji, haikuacha maadui. Upande wa Wayahudi, mwanachuoni wao Maimonides aliandika kwamba hakuna wajibu mkubwa kuliko kumkomboa mateka. Ila Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi uliomtangulia karne nyingi, imeweka mpaka: mateka wasikombolewe kwa zaidi ya thamani yao, kwa ajili ya kuutengeneza ulimwengu. Sababu ni ile ya sokoni. Ukimlipa mtekaji bei ya juu leo, kesho atarudi na kamba.

Kwa hiyo hata kabla ya Shalit kuzaliwa, desturi ya watu wake ilishasema mambo mawili yanayogongana: mkomboe, na usimkomboe kwa bei yoyote. Wanaokuambia jibu ni rahisi wameshika moja na kulitupa la pili.

Turudi kwa Sinwar, maana bila yeye baba asingeshinda ule ubishi. Ni kweli alikuwemo. Alikuwa amehukumiwa vifungo vinne vya maisha, na wengi hawajui kwamba kiini cha hukumu ile kilikuwa mauaji ya Wapalestina wenzake aliowashuku kuwa vibaraka wa Israel. Mwaka 2017 akawa kiongozi wa Hamas ndani ya Gaza. Tarehe 7 Oktoba 2023 watu wapatao 1,200 waliuawa Israel na 251 wakachukuliwa mateka. Vita vilivyofuata vimeua Wapalestina zaidi ya 60,000, kwa hesabu ya Wizara ya Afya ya Gaza. Yeye mwenyewe aliuawa Rafah Oktoba 2024.

Kuhukumu uamuzi wa 2011 kwa yaliyotokea 2023 ni kumlaumu nahodha kwa tufani ambayo haikuwa imezaliwa. Siku ile Sinwar alikuwa jina moja kati ya 477. Na kusema kwamba angebaki jela pasingekuwa na shambulio ni kudhani kwamba vita nzima vilikaa kichwani mwa mtu mmoja. Hapo baba anateleza.

Lakini hatelezi kabisa. Mei 1985 Israel iliwaachia wafungwa 1,150 kwa askari watatu waliokuwa mikononi mwa kundi la Kipalestina la Ahmed Jibril. Mmoja wa walioachiwa alikuwa Sheikh Ahmed Yassin. Miaka miwili baadaye alikuwa miongoni mwa walioanzisha Hamas. Viongozi wa 2011 walikuwa na kovu hilo mwilini, kwa hiyo "hatukujua" siwakubalii. Walijua kwamba mkataba wa namna hii huzaa. Wasichojua ni utazaa nani.

Kwa nini basi walikubali? Nadhani ni kwa sababu ya jina jingine, ambalo huku kwetu halitajwi: Ron Arad. Alikuwa afisa wa jeshi la anga, akakamatwa Lebanon Oktoba 1986 baada ya ndege yake kuanguka. Zikaja barua na picha. Mazungumzo yakaenda, bei ikaonekana kubwa, watu wakiwa bado na machungu ya 1985. Kufikia 1988 mawasiliano yakakatika. Hajarudi, wala mwili wake. Kila waziri mkuu aliyekuja baada ya hapo alikalia kiti akijua kwamba kukataa nako kuna kaburi lake, tena kaburi lisilo na mahali.

Kuna jambo moja ambalo wapenzi wa "mrudisheni kwa gharama yoyote" hawalipendi, na mimi ndilo linaloniumiza kuliko yote. Mwaka 1986, baada ya askari wawili kutekwa Lebanon, maofisa wa kamandi ya kaskazini ya Israel walitunga amri iliyojulikana kama Hannibal. Iliwaelekeza askari kuuzuia utekaji kwa kila njia, hata kwa kulipiga risasi gari linalomchukua mwenzao, ingawa risasi hizo zingeweza kumpata yeye. Amri hiyo ilifutwa rasmi 2016. Sikiliza mantiki yake, dada yangu: askari akiwa mateka ni ghali mno kwa taifa, basi bora asifike huko. Upendo ule uliofanya nchi nzima ibandike picha ya kijana mmoja ukutani ndio uliopandisha bei, na bei ndiyo iliyofanya bunduki za wenzake zimwelekee. Fidia isiyo na kikomo inamfanya anayekombolewa awe hatari kwa watu wake mwenyewe.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, uukubali au uukatae. Kumbadilisha Shalit kulikuwa wajibu. Kosa lilikuwa namna. Kikomo hakikuwekwa kabla, na kikomo kinachowekwa baada ya kuiona video si kikomo tena. Waziri wa Ulinzi aliunda tume mwaka 2008, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Meir Shamgar, ili ipendekeze kanuni za mazungumzo ya aina hii. Ripoti ilikabidhiwa Januari 2012, Shalit akiwa ameshalala kitandani kwake miezi miwili na ushei. Ukiniuliza mimi, kikomo chenyewe kisihusu idadi kabisa. Wape elfu tatu wenye makosa mepesi kama wanataka namba ya kushangilia. Wapimwe wale wachache: huyu alifanya nini, ataweza nini akitoka, atapelekwa wapi.

Marekani ilijaribu kupima hivyo mwaka 2014, ilipowatoa viongozi watano wa Taliban kutoka Guantánamo kwa ajili ya Sajini Bowe Bergdahl. Watano tu, wakawekwa Qatar, wasisafiri kwa mwaka mmoja. Hata hivyo kelele zilikuwa kubwa, kwa sababu Bergdahl alikuwa ameondoka kituoni kwake kwa miguu yake mwenyewe, na baadaye alikiri kosa la kutoroka jeshi. Watu wakauliza kama mtu wa namna hiyo anastahili. Mimi naona Obama alikuwa sahihi hapo: mrudishe kwanza, umshitaki nyumbani. Askari anayekombolewa kwa sababu ya tabia njema hakombolewi kwa deni, anapewa zawadi. Wale watano? Baadhi yao walikuja kukaa Doha kwenye meza ya mazungumzo na Wamarekani, na baada ya 2021 wakapata vyeo Kabul. Lichukulie upendavyo.

Sasa niligeuze swali lako kidogo. Umeandika "watu walioua". Katika walioachiwa Oktoba 2025, waliokuwa na vifungo virefu walikuwa karibu 250. Zaidi ya 1,700 walikuwa watu waliokamatwa Gaza wakati wa vita na kuwekwa ndani bila kushitakiwa. Muuaji aliyehukumiwa na mtu ambaye hajafikishwa mbele ya hakimu hawawi kitu kimoja kwa sababu tu wamepanda basi moja. Na nchi inayowaweka watu ndani wasio na kesi, kisha ikawatoa siku ya kubadilishana, haina budi kuulizwa tofauti yake na mtekaji. Si maneno yangu peke yangu: mwaka 2000 Mahakama Kuu ya Israel iliamua kwamba Walebanoni walioshikiliwa ili watumike kama karata ya kumdai Ron Arad hawaruhusiwi kushikiliwa kwa sababu hiyo. Bunge likapitisha sheria mpya mwaka 2002 iliyoufungua tena mlango, lakini hukumu ipo.

Linganisha na Urusi na Ukraine. Mei 2025 walibadilishana watu elfu kwa elfu ndani ya siku tatu, wengi wao askari. Pale hakuna mtanziko wa kutunyima usingizi: mfungwa wa vita hajahukumiwa kwa kosa, amezuiliwa tu asirudi vitani, na Mikataba ya Geneva inataka arudi kwao vita vikiisha. Mdogo wako akitekwa na jeshi la nchi, ndipo atakapokuwa. Ugumu unaanza upande mmoja ukiwa na askari na mwingine ukiwa na jela.

Nimefundisha somo hili miaka mingi, na kila mwaka nagawa vikaratasi. Kwanza naandika ubaoni: koplo mmoja, wafungwa 1,027. Wengi wanaandika hapana. Kisha nafuta "koplo", naandika "ndugu yako". Vikaratasi vinabadilika. Kisha nafuta tena, naandika "ndugu yako alikuwa Sbarro". Hapo darasa hunyamaza, na wapo wanaorudisha karatasi tupu. Zamani nilidhani zile tupu ni uvivu.

Ndiyo maana ukimfikiria mdogo wako unaona haki tupu. Hujakosea, na si udhaifu wa moyo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, kanga zetu zilishasema, na dada naye anaujua. Wewe una ruhusa ya kumtaka arudi kwa bei yoyote. Ni kazi yako. Waziri hana ruhusa hiyo, kwa sababu yeye ni dada wa kijana wa Sbarro vilevile, na wa yule afisa wa Hebron ambaye bado hajafa.

Na wapo ambao hawana wa kuwadai. Vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa wakijifunza kilimo Israel waliuawa tarehe 7 Oktoba. Mwili wa mmoja ulishikiliwa Gaza miaka miwili, ukarudishwa Novemba 2025. Nchi yetu haikuwa na wafungwa wa kubadilisha, haikuwa na karata mkononi. Familia ilisubiri kwenye mkia wa mkataba wa watu wengine.

Limebaki neno la mdogo wako, "niacheni." Rabi Meir wa Rothenburg alitiwa ndani na mfalme wa Ujerumani mwaka 1286, na inasimuliwa kwamba aliwakataza wafuasi wake kulipa fidia iliyodaiwa, asije akawafundisha watawala kuwateka marabi. Alifia kifungoni 1293, na mwili wake ulikaa miaka 14 kabla ya kuuzwa kwa watu wake. Mtu anaweza kulisamehe deni lake mwenyewe, na anayefanya hivyo akiwa ndani ya seli nampa heshima yote. Mdogo wako alilisema akiwa kwenye kochi, TV inawaka. Hata angeliandika na kutia saini, karatasi hiyo ingewafungua ninyi, isingemfungua aliyemtuma, kwa sababu ahadi ile inasikilizwa pia na anayelala kitanda cha pili kambini, anayesubiri zamu yake ya kwenda.

Umesema mama alitoka nje. Hukusema kama kuna aliyemfuata.